Inaua bakteria, sawa, lakini kwa dozi gani?

Wiki iliyopita nimetumiwa tena ile meseji, sijui ni mara ya ngapi sasa. Inasema dawa ya minyoo, ile ile ya tegu, imegundulika inaua bakteria sugu walioshindikana na antibayotiki, alafu mwisho kuna swali kwa herufi kubwa: KWANINI WANATUFICHA? Aliyenitumia safari hii ni mwalimu wangu wa zamani, mtu ninayemheshimu sana, na chini yake akaongeza la kwake: "Mwanangu, wewe ndo kazi yako hii, ni kweli au uongo?"

Shikamoo mwalimu. Jibu fupi ni kweli. Jibu refu ndo hili hapa, na nimeona niliandike wazi wengine nao wasome maana nimechoka kulirudia kwa vipande vipande kwenye simu.

Mi ni mfamasia niliyehamia upande wa maabara ya bakteria, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kuchukua dawa zilizotengenezwa kwa magonjwa mengine kabisa, za kisukari, za saratani, za minyoo, za magonjwa ya akili, za baridi yabisi, na kuwamwagia bakteria wakorofi nione kitatokea nini. Tunachotafuta ni kuipa dawa ya zamani kazi mpya. Na wala si kitu kigeni, dawa zimekuwa zikihama kazi tangu zamani. Iproniazidi ilikuwa dawa ya kifua kikuu, mwaka 1952 wagonjwa waliokuwa wanaitumia kwenye hospitali ya Sea View kule New York wakaanza kuchangamka kupita kiasi, wengine mpaka wanacheza kwenye korido ilhali mapafu bado mabovu, na hapo ndo ikazaliwa dawa ya sonona. Vidonge vya kisukari vya kundi la salfonilurea navyo chanzo chake ni dawa ya bakteria iliyowashusha sukari wagonjwa wa homa ya matumbo kule Montpellier, Ufaransa, mwaka 1942. Kwa hiyo njia ipo tayari. Sisi tunajaribu kuipita kwa upande wa pili, dawa za mambo mengine zije kwa bakteria.

Kwanini tunahangaika na za zamani badala ya kutengeneza mpya? Kwa sababu mpya haziji, na zikija hazilipi. Mwaka 2019 inakadiriwa watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na ukihesabu vifo vyote ambavyo usugu ulikuwa na mkono wake unafika milioni 4.95. Ungedhani kwa soko hilo kampuni zingegombania. Lakini angalia kilichoipata Achaogen ya Marekani: dawa yao plazomisini ilipitishwa Juni 2018, na Aprili 2019 kampuni ikatangaza kufilisika. Miezi kumi hivi. Antibayotiki mpya madaktari wanaifungia kabatini waitumie pale tu zote zingine zimegoma, na ndivyo inavyotakiwa, mgonjwa nae anaitumia siku kumi anapona basi, sio kama dawa ya presha ambayo mtu anameza mpaka anazeeka. Hesabu haikubali. Sasa dawa ya zamani ina faida moja kubwa mno: tunajua tayari mwili wa binadamu unaifanyaje. Tunajua inakaa saa ngapi kwenye damu, inatokea kwenye mkojo au kwenye choo, inasumbua ini au figo, mjamzito aguse au asiguse. Huo ni utafiti wa miaka mingi ambao mtu mwingine ameshaulipia.

Ila kuna mtego, na mtego wenyewe upo kwenye neno "inaua".

Ngoja nikueleze tunavyopima, maana ukishaelewa hapa utaweza kuisoma kila habari ya namna hii mwenyewe bila kunipigia. Tunachukua trei ya plastiki yenye vishimo 96, vidogo, kila kimoja kinaingia matone machache tu. Kwenye kishimo cha kwanza tunaweka mchuzi wa kuoteshea bakteria wenye dawa kali, tuseme mikrogramu 64 kwa kila mililita. Kinachofuata nusu yake, 32, alafu 16, 8, 4, unashuka hivo hivo mpaka chini kabisa. Kila kishimo kinapata bakteria kama laki tano kwa mililita, trei inaingia kwenye inkubeta nyuzi 35 mpaka kesho yake. Asubuhi unaishika kwenye mwanga: palipo na ukungu bakteria wameota, palipo peupe wameshindwa. Kile kiwango kidogo kabisa ambacho kishimo bado ni cheupe ndo tunaita MIC, na maisha yetu yote sisi watu wa huku yanazunguka hiyo namba.

Sasa habari ikitoka kwamba dawa fulani "inaua bakteria sugu", maana yake kuna mtu aliona kishimo cheupe. Swali ni kishimo kipi. Maana ukiweka dawa ya kutosha karibu kila kitu duniani kinaua bakteria, chumvi inaua, siki inaua, sabuni inaua, na hakuna anayemchoma mgonjwa sindano ya sabuni. (Na kabla hata ya hapo kuna kiyeyusho. Dawa nyingi hizi hazikubali maji, tunaziyeyusha kwenye kitu kinaitwa DMSO, na chenyewe kikizidi kinaua bakteria. Mwanafunzi akiniletea trei yenye vishimo vyeupe kitu cha kwanza namuuliza kishimo chenye DMSO peke yake kiko wapi. Mara mbili nimeshuhudia ugunduzi mkubwa ukifia hapo hapo mezani.)

Tuchukue mfano wa ivermektini kwa sababu kila mtu anaijua. Mwaka 2013 watafiti waliripoti kwamba inazuia bakteria wa kifua kikuu maabara, wakiwemo sugu, kwa mikrogramu 1 hadi 8 kwa mililita. Habari nzuri sana, na ni kweli. Sasa nenda upande wa pili wa hesabu: mtu mzima akimeza dozi ya kawaida, kiwango cha juu kabisa kwenye damu ni kama nanogramu 50 kwa mililita, yaani mikrogramu 0.05. Gawanya mwenyewe. Ili damu ifikie hata ile 1 ya chini unahitaji mara 20, na kufikia 8 unahitaji mara 160, na ivermektini ikizidi mwilini inapenya kwenye ubongo, mtu anayumba, anasinzia, anaweza kupoteza fahamu. Hapo hakuna aliyeficha kitu wala aliyedanganya. Aliyeandika kwamba inaua yuko sahihi na daktari anayekataa kukuandikia yuko sahihi vile vile.

Na hata hiyo 0.05 haiko huru yote. Dawa nyingi zikiingia kwenye damu zinang'ang'ania protini, hasa albumini, na ile iliyong'ang'ania haiwezi kwenda kupigana na bakteria, ni sawa na askari aliyefungwa pingu, kambini anahesabiwa lakini vitani hayupo. Nilijifunza hili kwa uchungu. Kuna dawa nilikaa nayo miezi, MIC yake ilikuwa nzuri mpaka nikawa naogopa kuisema kwa sauti, kila aina ya bakteria wa Staphylococcus niliyoipa ilizimika. Siku moja mwenzangu mmoja, mtu wa maneno machache, akanambia weka na seramu ya binadamu, yale maji ya damu yenye hizo protini, kwenye mchuzi. Nikaweka asilimia 50. Asubuhi trei nzima ukungu, kuanzia kishimo cha kwanza mpaka cha mwisho, bakteria wameota kama hakuna kilichowahi kutokea. Nilikaa nikaiangalia ile trei kwa muda mrefu kidogo.

Basi turudi kwenye dawa ya mwalimu, niklosamidi. Hii ilitoka Ujerumani miaka ya 1950, kwanza kabisa ilikuwa ya kuua konokono wanaosambaza kichocho, baadae ikawa dawa ya tegu kwa binadamu. Inavyofanya kazi ni kuvujisha umeme wa seli, maana bakteria (na tegu pia kwenye viwanda vyake vya nguvu) anajaza protoni upande mmoja wa utando kama maji nyuma ya bwawa, alafu anaziachia kidogo kidogo zizungushe mashine ya kutengeneza nishati. Niklosamidi inatoboa mabwawa. Kwenye trei inawamaliza MRSA, yaani wale Staphylococcus aureus sugu, kwa chini ya mikrogramu 1, namba ya kutamanisha kabisa. Tatizo ni kwamba haiingii sana mwilini. Ndo uzuri wake kwa tegu: unameza gramu 2, nyingi inabaki kwenye utumbo ambako tegu yupo, inatoka na choo, damu haiguswi sana. Kwa hiyo mwenye maambukizi kwenye damu au mfupa akimeza vile vidonge anamtibu tegu ambaye hana.

Lakini sijasema haifai! Kama shida ni kwamba haifiki kwenye damu, basi ipelekee ugonjwa ambao hauko kwenye damu. Wapo walioifanya krimu, wakawapaka watu wenye ukurutu ambao ngozi zao hukaliwa sana na Staphylococcus, na bakteria wakapungua. Huo ndo utumizi wenye akili, unaanza na dawa inafika wapi ndo unatafuta ugonjwa ulipo. Watu wengi wanaanza upande mwingine.

Auranofini nayo ina stori yake. Ni dawa yenye dhahabu, ya kweli kabisa, ilisajiliwa Marekani mwaka 1985 kwa baridi yabisi. Inashikana na kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuikinga seli isiungue na oksijeni, na Staphylococcus akinyang'anywa hicho kimeng'enya hana kinga nyingine ya maana, anakwisha. Ukimpa E. coli, bakteria wa utumbo, dawa hiyo hiyo anakucheka. Kwanza E. coli ana kinga ya akiba, ana glutathioni, na pili dawa yenyewe kumfikia ni kazi.

Hapa inabidi nieleze kidogo habari ya kuta mbili, maana ndo kiini cha shida yote ya bakteria sugu siku hizi. Bakteria tunawagawa makundi mawili makubwa kwa jinsi wanavyoshika rangi, Gram-chanya na Gram-hasi. Gram-chanya ana ukuta mnene lakini wenye matundu, dawa inapita. Gram-hasi, yaani kina E. coli, Klebsiella, Pseudomonas na yule mshenzi Acinetobacter baumannii anayekaa ICU, wana utando wa pili wa nje uliopakwa mafuta-sukari yaliyoshikanishwa na madini ya magnesi na kalsi kama matofali na saruji. Dawa kibao zinazowaua Gram-chanya zingewaua na hawa, sumu ya kuwaua zinayo, ila hazipenyi. Na zile chache zinazopenya zinakutana na pampu zinazozitapika nje.

Kwa hiyo miaka hii mimi binafsi nimeacha kutafuta dawa ya zamani itakayoua Gram-hasi peke yake. Natafuta ya kufungua mlango, alafu antibayotiki ya kawaida iingie ifanye kazi yake. Na hapa ndo naona dawa za zamani zina maisha hasa.

Pentamidini ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Ni dawa ya malale, imetumika tangu miaka ya 1940 hivi, haina uhusiano wowote na bakteria. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha kwamba inaenda kwenye ule utando wa nje na kulegeza saruji. Peke yake haifanyi cha maana. Lakini ukiiweka pamoja na rifampisini, dawa ya TB ambayo kwa kawaida Gram-hasi wanaipuuza, ghafla rifampisini inaingia ndani na Acinetobacter anakufa, na kwenye panya waliokuwa na Acinetobacter sugu wa kolistini mchanganyiko ulifanya kazi. Kolistini ni dawa ya mwisho kabisa, ukisikia mgonjwa amefikia kolistini ujue madaktari wamemaliza kabati, na yenyewe ni ya zamani, iliwekwa pembeni kwa kuumiza figo ikaja kurudishwa kwa shida. Sasa bakteria aliyeizoea hata hiyo anaangushwa na dawa ya malale ikisaidiana na dawa ya TB. Ilinibidi niisome ile makala mara mbili.

Watu wa chuo hicho hicho mwaka 2011 walishaonyesha kitu cha ajabu zaidi: loperamidi, ile ya kufunga tumbo la kuhara, inaisaidia antibayotiki ya minosaiklini kuwaingia Pseudomonas. Na kule Hong Kong mwaka 2018 walichukua bismuthi ya dawa za vidonda vya tumbo, wakaonyesha inakipokonya zinki kimeng'enya cha NDM-1. NDM-1 ndo ule mkasi wa bakteria unaokatakata karbapenemu, antibayotiki zetu nzito, na huo mkasi bila zinki haukati. Unampa mgonjwa karbapenemu ile ile iliyogoma jana pamoja na bismuthi, na kwa panya angalau ikafanya kazi tena. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba msaidizi hahitaji kufika kwenye kiwango cha kuua, anahitaji kufika kwenye kiwango cha kusaidia tu, na mara nyingi hicho ni cha chini sana. Hesabu yangu ya gawanya-mwenyewe inaanza kukubali.

Inaanza tu. Pentamidini inaumiza figo na inaweza kuvuruga sukari ya damu, loperamidi nyingi inavuruga mapigo ya moyo. Na ukiwa na dawa mbili lazima zifike pamoja, sehemu moja, kwa muda mmoja. Moja ikikaa mwilini saa 2 na nyingine saa 40 basi muda mwingi uko na msaidizi asiye na wa kumsaidia. Kwenye trei zote mbili zinakaa kwenye kishimo kimoja usiku kucha hazina pa kwenda, mwili wa mtu hauko hivyo.

Kama unataka kuona hii kazi ikifanikiwa kwa binadamu kweli, wagonjwa wamepona wakarudi nyumbani, nenda kwenye kifua kikuu sugu. Klofazimini ilitengenezwa Dublin mwaka 1954 na timu ya Vincent Barry, na lengo lao lilikuwa TB. Majaribio ya mwanzo yakakatisha tamaa, ikawekwa pembeni, baadae ikaonekana inawatibu wagonjwa wa ukoma na ikakaa huko miaka mingi, ni moja ya zile dawa tatu za ukoma mpaka leo (inawafanya ngozi iwe nyeusi au kama kahawia nyekundu, wagonjwa hawaipendi kwa hilo na siwalaumu). Alafu TB sugu ilipopamba moto watu wakaikumbuka na kuirudisha kwenye kazi iliyozaliwa nayo.

Linezolidi ndo inaonyesha habari ya dozi vizuri kuliko maelezo yangu yote ya juu. Ilisajiliwa mwaka 2000 kwa ajili ya kina MRSA, dozi yake siku 10, 14, wiki 4 ukizidisha. Wakaja watu wa TB wakaona inafanya kazi kwa TB sugu kabisa. Kwenye utafiti uliofanyika Afrika Kusini ukaitwa Nix-TB, wagonjwa 109 walipewa dawa tatu, bedakwilini, pretomanidi na linezolidi, kwa miezi 6, na asilimia 90 wakafanikiwa. Tisini! Kwa ugonjwa ambao kabla ya hapo wengi walikuwa wanakufa. Lakini linezolidi ilikuwa miligramu 1,200 kila siku kwa miezi, sio wiki 2, na asilimia 81 wakapata ganzi na maumivu ya mishipa ya fahamu miguuni na mikononi, karibu nusu uboho wao ukapungua kazi ya kutengeneza damu. Ile ile dawa "salama, inajulikana", ila ilijulikana kwa wiki 2. Ukibadilisha muda umebadilisha dawa. Basi wakafanya utafiti wa pili, ZeNix, matokeo yakatoka 2022, wakajaribu dozi tofauti tofauti, na waliopewa miligramu 600 kwa wiki 26 walifanikiwa asilimia 91 huku ganzi ikishuka mpaka asilimia 24. Nusu ya dozi, matokeo yale yale, madhara chini kabisa. Mwaka huo huo WHO wakapendekeza mpango wa miezi 6 wenye hizo tatu na moksifloksasini juu yake, wakati zamani mgonjwa alikuwa anatibiwa mwaka na nusu au zaidi, wengine na sindano za kila siku zilizowaacha viziwi.

Watu hawaishangilii ZeNix. Hakuna molekuli mpya, hakuna picha ya kompyuta inayong'aa, ni watu waliokaa chini wakauliza ni kiasi gani na kwa siku ngapi. Mimi naona ni moja ya kazi nzuri zaidi zilizofanyika kwenye eneo hili lote.

Na nikitaja kompyuta najua mtaniuliza habari ya akili bandia, kwa hiyo tumalizane nayo. Mwaka 2020 watu wa chuo cha MIT, Marekani, walifundisha programu kwa kutumia molekuli 2,335, hii inazuia E. coli, hii haizuii, alafu wakaiachia kwenye maktaba ya dawa na wagombea wa dawa kama 6,000 ichague. Ikatoa moja iliyokuwa imefanyiwa utafiti kwa ajili ya kisukari, wakaipa jina halisini. Nayo inavuruga protoni za kwenye utando, mambo ya bwawa tena, na E. coli waliokaa nayo siku 30 hawakuweza kuizoea, wakati wale waliopewa antibayotiki ya siprofloksasini waliizoea haraka. Inafanya kazi kwa panya wenye Acinetobacter. Ni kazi nzuri na nilifurahi, ila magazeti yaliandika "dawa ya kisukari" kana kwamba ipo kwenye duka la dawa. Haikuwahi kusajiliwa kwa kisukari, ilikuwa mgombea aliyeishia njiani. Maana yake ile faida niliyoitaja juu, kwamba mtu mwingine ameshatulipia utafiti wa binadamu, hapa haipo. Jina la zamani, kazi yote mpya.

Kuna upande mmoja wa hii stori ambao wenzangu hawapendi kuuongelea. Mwaka 2018 maabara ya EMBL kule Heidelberg walichukua dawa zaidi ya 1,000 wakazijaribu kwa aina 40 za bakteria wa kwenye utumbo, hawa wa kawaida tunaoishi nao. Karibu robo ya dawa ambazo hazikulengwa kwa bakteria wala kimelea chochote zilizuia angalau aina moja. Dawa za akili, za presha, za asidi ya tumbo. Mtu atasema safi, kumbe tuna hazina! Mimi niliposoma nilipata baridi, maana bakteria akikutana na kitu kinachomsumbua anajifunza kukitapika, na pampu anayoiongeza kutapika dawa ya akili inaweza kuwa ile ile inayotapika antibayotiki. Mfano mzuri unaojulikana siku nyingi ni asidi ya salisiliki, ndugu wa aspirini. Inamshika msimamizi mmoja ndani ya E. coli, pampu zinafunguliwa, na bakteria anavumilia antibayotiki kadhaa kwa mpigo bila kuwahi kuziona. Kwa hiyo dawa isiyo antibayotiki inaweza kufungua mlango au kuufunga, na kwa kuangalia kidonge huwezi kujua ni ipi.

Ndo maana mwalimu nilipokujibu kwenye simu nilikuwa mkali kidogo, samahani. Uliniuliza basi nikinunua ile ya minyoo nikaiweka ndani kwa dharura kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba ukiimeza siku una maambukizi ya kweli itaishia tumboni, wewe utasubiri siku tatu ukidhani unatibiwa, na bakteria wa kwenye damu hawasubiri. Kama ni tegu kweli, meza, tena inafanya kazi vizuri.

Hivi ninavyoandika kuna trei mbili kwenye inkubeta, kolistini inashuka kwa upande huu na niklosamidi inashuka kwa upande ule, vishimo vyote vya katikati ni michanganyiko, dhidi ya Klebsiella aliyekataa kolistini. Wengine wameshaona kolistini ikirudi kazini hivi, sisi tunachotaka kujua ni kama inarudi hata niklosamidi ikiwa kidogo sana. Trei moja ina mchuzi wa kawaida. Ya pili nimeiwekea seramu ya binadamu asilimia 50. Nitazisoma kesho asubuhi, na nitaanza na ya pili.